Kusoma na Kutumika: Mtafiti wa Shahada ya Juu kati ya Chuo, Mfuko na Jamaa mjini Lubumbashi

Makala haya yanakusudia kueleza hali ya mtu mzima anayefuata masomo ya shahada ya juu, iwe DEA au udaktari, huku akifundisha, akilea watoto na akitegemewa na jamaa. Mji uliochaguliwa ni Lubumbashi. Chuo kikuu chake kilifunguliwa mwaka 1956, wakati mji ulipoitwa Elisabethville, kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971, kikapata tena uhuru wake mwaka 1981. Ni kwenye mageuzi ya 1971 ndipo masomo ya fasihi, lugha na sayansi za jamii yalipokusanywa Lubumbashi, na tangu hapo Kiswahili cha mji huo kimesikilizwa na kuandikwa na wataalamu wengi. Hilo lina faida kwa mada hii, kwa sababu maneno yenyewe ambayo wenyeji hutumia kutaja kazi, masomo na fedha yanafichua ugumu wa maisha ya mtafiti kuliko orodha yoyote ya malalamiko.

Kwa kawaida shida ya mtafiti huelezwa kuwa ni shida ya wakati: inasemwa kwamba hajui kupanga saa zake. Maelezo hayo ni mafupi mno. Asistanti anayeandika tasnifu ana cheo kimoja chuoni na cheo kingine nyumbani, na kila upande humhesabia kile cheo kinachomgharimu zaidi. Chuo humwona mwanafunzi anapodaiwa karo, na humwona mtumishi anapogawiwa mitihani ya kusahihisha. Jamaa humwona mkubwa inapohitajika pesa, na humwona mtu asiye na kazi inapohitajika nafasi yake. Haya yanastahili kuchunguzwa moja baada ya lingine, kuanzia na maneno.

Maneno mawili

Mtu mwenye ajira, katika Kiswahili cha Katanga, husemwa kuwa "anatumika". Msemaji wa Zanzibar au wa Dar es Salaam hulisikia neno hilo kwa mshangao kidogo, maana kwake kutumika ni kuwa chombo mikononi mwa mwingine. Katanga ndilo neno la kawaida, lisilo na aibu yoyote. Neno "kazi" nalo lina historia yake pale. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti miongoni mwa wafanyakazi wa migodi na baadaye kufundisha Lubumbashi, alichapisha mwaka 1973 uchunguzi kuhusu jinsi wafuasi wa Jamaa, ile harakati ya kidini iliyotokana na mafundisho ya Padre Placide Tempels, walivyolifikiria neno kazi. Nje ya mduara huo wa kidini, maana iliyotawala mjini ilitoka kwenye kampuni. Union Minière, na baada ya 1967 Gécamines, haikumpa mfanyakazi mshahara pekee: ilimpa nyumba, posho ya unga, matibabu na shule ya watoto. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu amewaita watu waliolelewa na mfumo huo watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Kazi, katika masikio ya mji huo, ni kitu kinachoonekana mwisho wa mwezi.

"Kusoma" ni neno la upande wa pili. Kiswahili hakitenganishi kusoma kitabu na kwenda shule, wala hakitenganishi mtoto wa darasa la kwanza na mtu wa miaka arobaini aliye katika mwaka wake wa nne wa udaktari. Wote wawili wanasoma. Shangazi akiulizwa habari za mtoto wa kaka yake, hujibu, "iko anasoma", na ndani ya jibu hilo mna huruma na subira: anayesoma bado hajafika, na asiyefika haombwi mengi. Lakini shangazi huyo huyo, akimwona mtu yule akitoka Kasapa na mkoba, wanafunzi wakimwamkia "prof" ijapokuwa hajawa profesa, huona mkubwa. Mkubwa huombwa.

Katika lugha ya chuo chenyewe mna mkanganyo kama huo. Ngazi za kale, yaani asistanti, "chef de travaux", profesa mshiriki na kuendelea, ni ngazi za watumishi. Asistanti ana mkataba wenye muda, na ili aendelee kupanda hutakiwa kuchapisha na kusonga mbele katika masomo yake. Kwa hiyo tasnifu ni sehemu ya kazi yake. Pasipo tasnifu hana mustakabali katika kazi hiyo. Hata hivyo saa za tasnifu hazimo katika ratiba yoyote iliyobandikwa ukutani. Ratiba huonyesha kozi, kazi za vitendo na mitihani. Mageuzi ya LMD, yaliyoanza kutekelezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022, yameweka lisansi ya miaka 3, masta ya miaka 2 na udaktari wa miaka 3, na yanadai kwamba saa za kazi binafsi za mwanafunzi zihesabiwe ndani ya mzigo wa masomo. Ni hatua njema. Lakini kuhesabu saa za mwanafunzi ni jambo moja, na kumpunguzia mtumishi saa za darasa ili awe mwanafunzi ni jambo jingine ambalo mageuzi hayo peke yake hayalifanyi.

Mfuko

Anayetaka kuelewa kwa nini tasnifu nyingi huchelewa aanze na mfuko, na ndani ya mfuko aanze na sarafu.

Wazee wa chuo wanakumbuka miaka ya 1990. Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za kale milioni 3. Juni 1998 franki ya Kongo ikaingia, franki moja kwa zaire mpya 100,000. Kwa maneno mengine, katika muda usiofika miaka mitano, franki moja ilichukua mahali pa zaire za kale bilioni 300. Mshahara wa serikali wa miaka hiyo haukuwa mshahara tena. Ndipo wazazi walipoanza kuchangia malipo ya walimu ili madarasa yasifungwe, na mchango huo, uliodhaniwa kuwa wa muda, ukageuka desturi: leo malipo ya mwalimu wa chuo yana sehemu itokayo serikalini na sehemu, "primu", inayotegemea karo za wanafunzi. Athari yake kwa mtafiti haitajwi vya kutosha. Primu hufuata karo, na karo hufuata mavuno, biashara na bei ya shaba ya wazazi wa wanafunzi. Yaani kipato cha anayeandika tasnifu hupanda na kushuka kwa sababu ambazo hazina uhusiano wowote na bidii yake.

Tangu miaka ile sarafu imetulia kwa vipindi, lakini kutulia kwake si kwa kuaminika. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilinunuliwa kwa franki 930 hivi. Mwishoni mwa 2017 ilikaribia franki 1,600. Achukuliwe, kwa hesabu tu, mtu anayelipwa franki 400,000 kwa mwezi na kupanga nyumba ya dola 100. Mwanzoni mwa kipindi hicho mshahara wake ulikuwa sawa na dola 430, na nyumba ilimeza chini ya robo yake. Mwisho wake mshahara ule ule ulikuwa dola 250, na nyumba ikameza sehemu 2 katika 5. Mtu huyo hakufuja kitu. Hakuoa mke wa pili, hakununua gari. Alibaki palepale, na ardhi ikasogea chini ya miguu yake. Ndiyo maana ushauri wa kuweka akiba, unaotolewa kwa nia njema, huwa hauna maana kama hautaji ni akiba ya sarafu gani.

Kodi ya nyumba yenyewe haiishii kwenye kodi. Mwenye nyumba hudai dhamana kabla ya kutoa ufunguo. Sheria ya Desemba 2015 kuhusu upangaji iliweka kikomo cha miezi 3 kwa nyumba za kuishi, lakini kati ya kifungu cha sheria na mlango wa nyumba mna safari ndefu, na mpangaji mwenye haraka hukubali zaidi. Mtafiti anayehama mara mbili katika miaka ya tasnifu yake amelipa dhamana mbili, na mara nyingi hiyo ni sawa na karo ya mwaka.

Hapa ndipo likelemba inapoingia. Kila msomaji anaijua, na Afrika ya Mashariki wanaiita upatu au mchezo, ila namna inavyofanya kazi kwa mtu wa masomo inahitaji kuelezwa taratibu. Watu 10 wakitoa dola 30 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea dola 300. Kwa jumla hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Lakini anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake dola 270 bila riba, atakazozirudisha kwa miezi 9. Na anayepokea wa mwisho amewakopesha wengine kwa muda huo wote, na amebeba hatari kwamba mmoja atafariki, atahama au atakana. Zamu, basi, ndiyo kitu cha kujadiliwa, kuliko kiasi. Anayejua kwamba karo yake hudaiwa mwezi fulani aombe zamu ya mwezi huo, na aiombe kabla likelemba haijaanza, kwa sababu katikati ya mzunguko ombi hilo huleta ugomvi. Jambo la pili ni sarafu: likelemba ya franki katika mwaka kama 2017 ilimwadhibu kila aliyekuwa na zamu ya nyuma, kwani alitoa franki nzito na kupokea franki nyepesi. Vikundi vingi vya watumishi huhesabu kwa dola kwa sababu hiyo hiyo.

Asiye na likelemba, au aliyeshikwa na dharura, huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, mkopo ambao mjini una jina la utani la "banque Lambert". Riba yake hutajwa kwa mwezi, si kwa mwaka, na wakati mwingine deni hurudi karibu maradufu. Ukweli lazima usemwe hapa bila kuzunguka: mtafiti aliyechukua mkopo wa namna hiyo ili kulipa karo amesimamisha tasnifu yake, hata kama hajui bado. Miezi inayofuata ataitumia kutafuta kozi za nje, katika taasisi za Likasi, Kolwezi au Kipushi, ili alipe riba. Kulipa karo kwa kuchelewa, pamoja na aibu ya jina kutajwa katika orodha ya wadaiwa, ni hasara ndogo zaidi.

Kozi za nje, kwa Kifaransa cha huko "vacations", haziwezi kulaaniwa kwa jumla. Kwa wengi ndizo zinazolisha watoto. Ila zina gharama mbili. Kozi moja Kolwezi ni zaidi ya kilomita 300 kwenda tu, na siku ya safari haiandikwi sura. Na malipo yake huja nyuma, pengine muhula mzima baada ya kozi kwisha; mwenye kuitegemea kwa unga wa mwezi huu amejidanganya.

Saa

Kuhusu wakati, machache yanatosha, kwani ni hesabu. Asistanti mwenye auditoriamu ya wanafunzi 400, akitumia dakika 5 kwa kila karatasi, anahitaji zaidi ya saa 33 kusahihisha jaribio moja. Kozi mbili zenye majaribio mawili kila moja ni saa 133, sawa na siku 17 za kazi za saa 8. Mtafiti wa Kiswahili ana mzigo wake wa pekee juu ya huo: maneno aliyorekodi sokoni Kenya, au katika mtaa wa Katuba, ni lazima yaandikwe, na saa moja ya mazungumzo ya watu wanaokatizana humla mwandikaji saa 6 au zaidi. Rekodi za saa 30, ambazo si nyingi kwa tasnifu ya isimu jamii, ni saa 180. Kazi hiyo inadai utulivu na umeme. Umeme ukikatika jioni na kurudi saa sita za usiku, anayeandika hufuata umeme, na asubuhi huingia darasani akiwa hajalala.

Kuna muda mwingine unaopotea ambao mtafiti hana mamlaka juu yake, nao ni muda wa sura iliyolala mezani kwa msimamizi. Wasimamizi wenye sifa ni wachache, wana tasnifu nyingi, wengine husafiri kufundisha mikoani. Hakuna anayewanyima udhuru huo. Hata hivyo sura inayolala miezi 6 imemgharimu mwandishi wake kodi ya nyumba ya miezi 6, na karo ya mwaka mwingine ikiwa kuchelewa huko kumevuka mwisho wa mwaka wa masomo. Idara inayopanga tarehe ya kurudisha sura, kama inavyopanga tarehe ya kurudisha alama za mtihani, inamwokolea mtafiti pesa nyingi kuliko msaada wowote inaoweza kumpa taslimu, na haitoi hata franki moja.

Kilio, mali na shamba

Wapo wanaowashauri watafiti wajitenge na jamaa mpaka tasnifu iishe. Ushauri huo unatoka kwa watu ambao hawajaona hesabu ya kilio inavyofanya kazi. Katika msiba wa Lubumbashi hukaa mtu mwenye daftari, akiandika jina la kila anayetoa na kiasi alichotoa. Daftari hilo huhifadhiwa. Siku mtafiti atakapofiwa, kinachorudi kitafuata kilichotoka, na mazishi ya mtu mzima, pamoja na jeneza, kaburi, gari na chakula cha wageni, hupita kwa mbali mshahara wa mwezi. Kwa mtu asiye na bima, daftari la kilio ndilo bima. Kujiondoa humo kwa miaka mitano ni kuacha kulipa bima wakati ambapo wazazi wake wanazeeka.

Kinachowezekana ni kutenganisha mchango na uwepo. Desturi huvidai vyote viwili, lakini haivipimi sawa kwa kila ukoo. Kwa mzazi, ndugu wa tumbo moja na mkwe, hakuna mjadala: mtu hulala kilioni. Kwa jirani wa zamani au binamu wa mbali, mchango uliofika mapema kwa mkono wa mtu anayeheshimiwa, pamoja na kuonekana siku ya maziko, hupokelewa vizuri. Kinachochukiza ni kimya. Mtafiti mwenye busara humweleza kaka mkubwa au mjomba ratiba yake mwanzoni mwa mwaka, naye huyo ndiye humsemea mbele ya ukoo. Neno la mjomba, "mtoto wetu ana mtihani wake mkubwa mwaka huu", husikika. Neno hilo hilo likisemwa na mhusika mwenyewe huonekana kiburi.

Mali, yaani mahari, ni mzigo wa aina nyingine, kwa sababu huwaangukia watafiti vijana katika miaka ile ile ya DEA. Ukoo wa binti unaposikia kwamba mchumba ni "wa chuo kikuu", orodha hurefuka. Hapa tena cheo cha nyumbani na mfuko wa kweli havifanani.

Shamba ni habari njema kidogo. Tangu uzalishaji wa Gécamines uporomoke, kutoka tani zaidi ya 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu tani 30,000 mwaka 1994, wakaaji wa mji walirudi kwa jembe. Na mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo walipoachishwa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, mashamba ya pembezoni yalizidi. Kitabu kilichohaririwa na Pierre Petit mwaka huo huo kuhusu kaya za Lubumbashi kinaonyesha jinsi nyumba moja inavyoishi kwa shughuli kadhaa zilizounganishwa. Petit tena, pamoja na Georges Mulumbwa Mutambwa, alichapisha mwaka 2005 katika jarida Africa uchunguzi wa jinsi neno la Kifaransa "la crise" lilivyochukuliwa na wenyeji na kufanywa lao. Nyumba nyingi za walimu wa chuo zina hekta moja au mbili za mahindi. Mvua huanza Novemba na kwisha Aprili, palizi hudai mikono Desemba na Januari, na bei ya bunga hupanda kabla ya mavuno, hasa Zambia inapozuia mahindi yake yasivuke Kasumbalesa. Magunia ya bunga yaliyomo chumbani mwezi wa pili ni jambo la kitaaluma kabisa: mwenye nayo hatafuti kozi Kolwezi mwezi huo, naye anaweza kuandika.

Nani analipa

Katika hesabu zote zilizotangulia kuna mtu ambaye ametajwa kwa mbali tu. Ni nani anayekwenda palizi Januari asistanti anaposahihisha karatasi 400? Ni nani anayetoa dola 30 za likelemba mwezi ambao primu haikutoka? Nyumba nyingi zikiulizwa hujibu bila kusita. Ni mke, kwa meza yake ya samaki wakavu, kwa vitenge, kwa mafuta ya mawese yanayopimwa kwa chupa, kwa makala. Kiswahili cha Katanga kimefanya mchezo wake hapa: makala pale ni makaa ya kupikia, na neno hilo hilo katika Kiswahili sanifu ni andiko la msomi. Mume huandika makala, mke huuza makala, na ya pili ndiyo inayolipia ya kwanza.

Kwa hiyo tasnifu ya Lubumbashi, ikitazamwa upande wa fedha, mara nyingi ni biashara ya nyumba nzima iliyoandikwa jina la mtu mmoja. Mke ameweka mtaji wake humo kwa miaka mitano au saba, akitarajia cheo cha profesa kitakachobadilisha maisha ya wote. Mtaji huo hauandikwi popote. Mume akifariki kabla ya utetezi, au akipata cheo na kuanzisha nyumba nyingine, hakuna daftari linaloonyesha alichotoa, tofauti na kilio, ambapo hata franki 1,000 za jirani zina mstari wake. Sheria nayo ilimtazama kwa namna yake. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kuingia katika mikataba ya kisheria; ni sheria ya Julai 2016 iliyoondoa sharti hilo. Wake waliobeba tasnifu za miaka ya 1990 walifanya biashara yao, na kulipia karo, chini ya sheria ambayo haikuwaruhusu kutia sahihi peke yao.

Mwanamke anapokuwa yeye mwenyewe mtafiti, picha hugeuka. Msaada ule wa kimya uliombeba mwenzake wa kiume, kwake haupo: mwanamke mtafiti hana mke. Saa za usiku ambazo mwanamume huandika, yeye huwa na mtoto mwenye homa. Kilio humdai zaidi, kwani wanaume hukaa nje wakizungumza na wanawake hupika. Mume wake akimuunga mkono, majirani humsifu mume. Idara hushangaa kwamba wanawake ni wachache miongoni mwa maprofesa, kisha huweka vikao vya watafiti saa kumi na moja za jioni, wakati bukari inapotakiwa kuwa motoni. Kuhamisha kikao kiwe saa nne za asubuhi hakuhitaji mfadhili.

Kuna nyumba ambazo zimepata njia yao. Mume na mke huketi mwanzoni mwa mwaka na kuandika, kwa kalamu, mambo matatu: ni pesa gani ya nani italipa nini, ni usiku gani ni wa kuandika bila kuitwa, na ni nani atakayeitikia mwito wa ukoo kwa niaba ya mwingine. Karatasi hiyo haina nguvu ya kisheria. Inachofanya ni kuigeuza tasnifu kutoka "kusoma" na kuifanya "kazi" machoni pa watu wa nyumba, pamoja na watoto, ambao hujifunza kwamba baba au mama aliyeketi mbele ya karatasi bila kusema anatumika. Mtoto anayelijua hilo humjibu mgeni mlangoni, "baba iko anatumika", na mgeni hurudi kesho.

Matumizi ya mwisho ndiyo yanayowashtua wengi. Tasnifu ikikubaliwa bado kuna kuichapa, kuijalidi kwa nakala za wajumbe wote wa jopo na za maktaba, na, kwa kuwa jamaa watajaa ukumbini tangu asubuhi, kuwapa chakula na kinywaji. Nyumba inayojua hesabu yake huanza kuyafikiri hayo mwaka mmoja kabla. Mke huomba zamu yake ya likelemba iwe ya mwezi wa utetezi. Jukwaani siku ile mume atavaa suti, atawashukuru maprofesa kwa majina na vyeo vyao, kisha, kuelekea mwisho wa ukurasa, atamshukuru mkewe kwa uvumilivu.